Ukuta Usiomo Kwenye Hesabu

Ukifika Minjila, pale barabara ya Lamu inapochepuka kutoka ile ya Malindi kwenda Hola na Garissa, huwezi kukosa kuiona minara ya umeme mkubwa. Ni laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu. Kila mnara umeundwa kwa vyuma vyembamba vinavyokingamana mshazari kutoka chini hadi juu, na katikati yake hamna kitu. Upepo unapita. Mhandisi aliyeuchora alijua kila chuma kitabeba nini, na mzigo huo haujabadilika tangu siku uliposimamishwa.

Ingia sasa Garsen mjini, utazame ghala au safu ya maduka inayoinuliwa kwa fremu ya chuma. Mafundi wa kuchomelea ndio wa kwanza: nguzo, mihimili, kisha vyuma viwili vya mshazari vinavyokingamana kwenye paneli moja au mbili ili jengo lisiyumbe. Kwa siku chache jengo huwa ndugu yake ule mnara. Kisha waashi hufika na mawe ya kuchonga au bloku za simiti, timazi na mwiko mkononi, wakaziba kila paneli kutoka sakafuni hadi chini ya mhimili. Plasta ikishapigwa, vyuma havionekani tena. Mwenye jengo anadhani ameongezewa ukuta tu, kumbe amekabidhiwa jengo jingine kabisa.

Kwenye karatasi za mhandisi, ukuta ule kwa kawaida huandikwa mahali pamoja: kwenye safu ya uzito. Tani zake huhesabiwa kwa sababu lazima msingi uzibebe. Nguvu zake hazihesabiwi, wala ukakamavu wake, wala namna utakavyovunjika. Tetemeko la ardhi nalo halitengi vilivyohesabiwa na visivyohesabiwa. Hutikisa vyote, na kila kimoja hubeba kulingana na kilivyo kigumu.

Mtu wa Garsen ana haki ya kuuliza: zilzala na sisi wapi na wapi? Mto Tana, wenye urefu wa karibu kilomita 1,000, umewazoesha watu wake balaa la aina nyingine. Mafuriko ya 1961 yangali kinywani mwa wazee, ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu mashamba ya mpunga ya mradi wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, na yale ya 2018 na ya msimu wa 2023 hadi 2024 yamehamisha vijiji vizima. Ukilinganisha na Bonde la Ufa, pwani ni shwari, na yeyote atakayekuambia kwamba Garsen imo hatarini kama Nakuru anakutisha bure. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini lilipiga Subukia tarehe 6 Januari 1928. Ukubwa wake ulikuwa 6.9, na liliipasua ardhi kwa takriban kilomita 38. Halikuua wengi, kwa kuwa wakati huo huko hakukuwa na majengo mengi ya kuwaangukia watu.

Hata hivyo ushwari si kinga. Tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea kusini-mashariki ya Dar es Salaam lilihisiwa Zanzibar, Mombasa na hata Nairobi. Garsen nayo imekalia udongo ambao mto umekuwa ukiumwaga kwa maelfu ya miaka: matope, mfinyanzi na mchanga uliolewa maji. Udongo laini wa namna hiyo huyapokea mawimbi yaliyotoka mbali na kuyakuza, hasa yale ya polepole. Mfano unaofundishwa kote duniani ni Jiji la Mexico. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ukubwa wa 8 lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini. Sehemu za jiji zilizojengwa juu ya mwamba hazikupata madhara makubwa. Zilizojengwa juu ya tope la ziwa la kale zilibomoka na watu kwa maelfu wakafa. Sisemi kwamba Tana itakuwa Mexico. Nasema kwamba kwenye delta, umbali kutoka kitovu cha tetemeko haukupi usalama ambao ungeupata juu ya mwamba.

Tena michoro husafiri. Mchoro wa bwalo la shule au ghala uliotumika Garsen mwaka huu unaweza kutumika Nakuru mwakani, na fundi ni yuleyule. Kenya ilitoa kanuni yake ya ujenzi unaozingatia matetemeko mwaka 1973, ikaigawa nchi kwa maeneo kulingana na ukali wa mtikisiko unaotarajiwa. Kwa hiyo wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 50 katika vitabu vyetu. Kilichobaki nyuma ni ule ukuta.

Tuanze na chuma cha mshazari. Fremu ambayo nguzo na mihimili yake imefungwa kwa bolti mbili tatu hulalia upande ukiisukuma. Ukiweka vyuma viwili vinavyokingamana, basi ikisukumwa kushoto kimoja hunyooshwa na kingine hubanwa. Ikisukumwa kulia, hubadilishana. Chuma chembamba kikibanwa hupindika na kuacha kazi, kwa hiyo anayebeba kweli ni yule anayenyooshwa. Mhandisi mzuri humchagulia unene wa kumfanya avutike kabla bamba la kiungo halijachanika wala bolti hazijakatika. Huko kuvutika ndiko kunakomaliza nguvu za tetemeko. Chuma kinateseka, kinarefuka kidogo, watu wanatoka nje wazima.

Ukuta uliojazwa kati ya nguzo nao hufanya kazi ya mshazari, ila kwa kinyume. Fremu ikisukumwa, pembe mbili za paneli husogeleana na nyingine mbili huachana. Kwenye pembe zinazoachana, ufa mwembamba hufunguka kati ya ukuta na nguzo. Kwenye pembe zinazosogeleana, mawe hubanwa, na mzigo hukata njia kupitia ukanda wa mawe kutoka pembe hadi pembe. Polyakov aliyaona haya katika majaribio yake huko Usovieti miaka ya 1950. Mwaka 1961 Mwingereza Holmes aliandika kuhusu fremu za chuma zilizojazwa matofali na zege, akapendekeza ukuta uhesabiwe kama gogo la mshazari lenye upana wa theluthi moja ya urefu wake. Waliomfuata, akina Stafford Smith na Mainstone, waliona theluthi ni nyingi mno. Siku hizi wengi hutumia kati ya sehemu moja ya kumi na robo.

Hebu tupige hesabu kwa kipimo kile cha chini, sehemu moja ya kumi, tusije tukaambiwa tunaupendelea ukuta. Chukua paneli ya mita 3 kwa 3. Mshazari wake ni mita 4.24, kwa hiyo gogo letu la mawe lina upana wa sentimita 42. Ukuta una unene wa milimita 150. Tuseme mawe na simiti yake vinahimili nyutoni 2.5 kwa kila milimita mraba, kiwango cha kawaida tu. Gogo hilo litabeba karibu tani 16 kabla ya kusagika. Sasa tazama chuma kilichofichwa ndani ya plasta: chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene 5, aina inayopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kwa chuma cha nyutoni 250 kwa milimita mraba, kitavutika kikifika tani 12 hivi. Ukilinganisha ukakamavu, yaani kila kimoja kinakataa kiasi gani kusogezwa, ukuta unakizidi chuma kwa zaidi ya mara moja na nusu.

Kwa maneno mengine, katika jengo hili ambalo mchoro unasema linashikiliwa na vyuma, mzigo mkubwa wa sekunde za kwanza utakwenda kwenye ukuta ambao mchoro unasema haushikilii kitu. Punguza ubora wa simiti kwa nusu, kama inavyotokea mchanga ukizidi, na bado ukuta ni mshirika mkubwa. Vyuma vizito hubadilisha hesabu hii, na hapo ndipo majengo makubwa ya mijini yanapotofautiana na maghala yetu. Lakini fremu nyepesi zilizozoeleka katika miji midogo zimo upande huu wa mizani.

Uzito nao usisahaulike. Paneli hiyohiyo ya mawe ina takriban tani 2.7, wakati mabati ya eneo lilelile hayafiki kilo 50. Nguvu ya tetemeko ni uzito mara mchapuko wa ardhi. Ghala la chuma na mabati matupu huogopa upepo, na tetemeko halilijali sana. Lijaze mawe, na mambo yanageuka.

Tuliache sasa litikisike. Jengo lililojazwa kuta ni kakamavu, kwa hiyo hutetema kwa kasi, mipigo mifupi mifupi, na kwa majengo mengi mafupi hapo ndipo nguvu za kutikisa huwa kubwa. Paneli ya mita 3 ikisogea upande kwa milimita 3 hadi 6, ukuta huanza kupata nyufa. Chuma cha mshazari chenye pembe ya nyuzi 45 hufika kikomo chake cha kuvutika paneli ikiwa imesogea milimita 7 na nusu hivi, ukikadiria kwa ugumu wa kawaida wa chuma. Ukuta hufikia nguvu yake ya juu kabisa mahali fulani kati ya milimita 9 na 15, kisha husagika pembeni au kukatika katikati kwenye mistari ya simiti. Usagikaji wake hauna subira ya chuma: ukuta hupoteza nguvu ghafla, na ile sehemu ya mzigo uliyokuwa ukiibeba huhamia kwa jirani yake papo hapo. Ni wachukuzi wawili wa gunia bandarini, mmoja kaliachia bila kusema.

Jirani huyo, chuma, alikuwa tayari amefika kikomo. Kinachofuata kinategemea viungo vyake. Welding nzuri na bamba pana huweza kuvumilia. Chuma kitavutika zaidi, jengo litapinda na kubaki limesimama. Kiungo kilichochomelewa juujuu hukatika, na chuma kizima kisichovunjika popote huning'inia bila kazi. Katika tetemeko la Northridge, California, tarehe 17 Januari 1994, vyuma vya mshazari na viungo vyake vilikatika hata katika majengo ya nchi yenye ukaguzi mkali. Hapo hatuzungumzii mafundi wa jua kali.

Kuna na yale ambayo ukuta huyatenda kimyakimya. Ukisukuma pembe kwa pembe, husukuma nguzo karibu na kichwa chake, mahali ambapo mchoro haukutarajia kusukumwa. Nguzo ya tyubu nyembamba hubonyea hapo. Unapobeba tani zake 16 za mshazari, hutaka kuing'oa nguzo ya upande wa pili kutoka ardhini, na bolti za msingi zilizopimwa kwa nguvu ya chuma peke yake hujikuta zimeongezewa mzigo mara mbili. Na ukiwa umekikumbatia chuma kwa simiti pande zote, hukizuia kupindika kinapobanwa, jambo ambalo huonekana jema, mpaka ukuta unapopasuka na chuma kikajikunja ghafla kikitema mawe chumbani.

Msomaji asidhani nauchukia ukuta. Tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906 liliyakuta majengo mengi ya fremu za chuma yaliyojazwa matofali mazito, na mengi yalisimama. Moto uliofuata ndio ulioyala. Kuta zile zilikuwa nene, zilijaza paneli zote bila kubagua, na fremu zenyewe zilikuwa na chuma cha kutosha kusimama hata matofali yakipasuka. Ukuta ulioenea sawasawa ni rafiki. Tatizo ni kwamba kuta zetu hazienei sawasawa.

Angalia maduka yaliyo kandokando ya barabara, kutoka Malindi mpaka Witu. Nyuma ukuta mzima, pembeni ukuta mzima, mbele milango ya chuma na baraza lililo wazi. Biashara haiwezi kufanywa kwa namna nyingine. Lakini jengo hilo ni gumu nyuma na laini mbele, na likitikisika halisogei tu, linazunguka: upande wa nyuma hubaki karibu pale pale na nguzo za mbele zikafagia mkunjo mkubwa. Vyuma vya mshazari navyo, kwa kuwa hakuna anayetaka chuma kimkate mlango wa duka, hutiwa nyuma, kule kule kwenye ukuta. Kwa hiyo ukakamavu wote umekusanyika upande mmoja, wa mawe na wa chuma, na upande wa wateja haukuachiwa kitu. Duka la pembeni penye njia panda, lililo wazi pande mbili, lina hali mbaya zaidi. Hilo ndilo lenye kodi kubwa kuliko yote.

Jengo la ghorofa huongeza lake. Chini maduka yaliyo wazi, juu vyumba vilivyojazwa kuta: ghorofa za juu husogea kama kipande kimoja na msogeo wote hujikusanya chini, kwenye nguzo tupu. Hospitali ya Olive View huko California ilikuwa na kasoro ya ukoo huu, ghorofa za chini laini chini ya kuta ngumu. Ilikuwa mpya, na tetemeko la San Fernando la tarehe 9 Februari 1971 liliivunja kiasi cha kubomolewa. Uturuki imeyaona hayo mara nyingi tangu wakati huo.

Kisha kuna bwalo la shule. Nguzo za chuma, paa la mabati, ukuta wa nusu unaofika kifuani, juu yake wazi ili hewa ipite. Kwa joto la Tana River, hiyo ni busara. Ila ukuta ule umeishika nguzo kuanzia sakafuni hadi kifuani, na sehemu iliyobaki huru ni fupi. Nguzo fupi ni ngumu, na ngumu hubeba zaidi. Nguvu ambazo zingeenea kwenye mita 3 zote hujibana kwenye mita moja na nusu ya juu, na nguzo hupinda palepale ukuta unapoishia. Waashi wangeacha nafasi ya vidole viwili kati ya ukuta wa nusu na nguzo, mambo yangekuwa mengine. Sijui kazi nyingine katika jengo yenye gharama ndogo hivyo.

Lakini si lazima jengo lianguke ndipo liue watu. Ukuta kumwagika nje au ndani kunatosha. Kagera ya Tanzania tunaijua: tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba na wilaya jirani. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibiwa vibaya. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yasiyo na fremu yoyote, kwa hiyo si kesi yetu hasa. Kesi yetu hasa iko Iran, nchi ambayo fremu za chuma zenye mshazari na kuta za matofali ndani yake ni ujenzi wa kila siku. Tarehe 12 Novemba 2017, tetemeko la 7.3 lilipiga mpakani mwa Iran na Iraq, na mji wa Sarpol-e Zahab ukaumia kuliko yote. Picha zilizotoka huko ni somo tosha: majengo ya makazi fremu zake zimesimama wima, sakafu ziko mahali pake, na kuta zimemwagika barabarani, ukaona mapazia na makabati ya watu ghorofa ya tatu. Mhandisi wa fremu angeweza kusema kazi yake ilifaulu. Aliyekuwa amelala karibu na ukuta asingekubali.

Sasa turudi mtoni, maana huku kuna ujenzi ambao wahandisi wangeutazama kwa heshima. Nyumba ya Mpokomo ya udongo ni fremu iliyojazwa: nguzo za miti, fito zilizofungwa kwa kamba kila baada ya shibiri, kisha udongo ukakandikwa. Udongo haukuachwa usimame peke yake. Fito zimeugawa vipande vidogo na kuushika ndani na nje. Ukitikisika hupata nyufa ndogo ndogo kila mahali na huanguka kwa makonzi, si kwa tani. Mtu hukandika upya. Mafuriko huishinda nyumba hii, na hilo ndilo linalowasukuma watu kwenye mawe na chuma, nami siwalaumu. Ila tukihama tujue tunaacha nini.

Wareno walijifunza jambo lilelile kwa gharama kubwa. Baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 kuiangamiza Lisbon, mtaa wa Baixa ulijengwa upya chini ya amri ya Markizi wa Pombal kwa mtindo walioupa jina la kizimba, gaiola: fremu ya mbao iliyojaa misalaba ya mshazari, na ndani ya misalaba hiyo mawe na chokaa. Inasimuliwa kwamba mfano wake ulijaribiwa kwa kuwafanya askari waukanyagie ardhi kwa gwaride. Huo ndio ukuta wa kujazia ndani ya fremu yenye mshazari, karne mbili kabla ya Holmes, na hakuna aliyeuita mzigo tu. Kila kipande cha mawe kilikuwa kidogo na kilizungukwa na mbao pande zote. Katika milima ya Kashmir nyumba za mtindo unaofanana na huo, dhajji, zilistahimili tetemeko la tarehe 8 Oktoba 2005 wakati majirani zao wa mawe na zege duni walianguka.

Vitabu vya leo vinasemaje? Kanuni za Ulaya, ambazo Kenya imezipokea miongoni mwa viwango vyake, zina kitabu cha nane kinachohusu matetemeko. Humo kuna kifungu cha 4.3.6 juu ya fremu zilizojazwa kuta. Kinaagiza kwamba kuta zisipokaa sawa kwenye ramani ya jengo, athari ya kuzunguka iongezwe, na kwamba paneli ambayo upande wake mfupi unazidi unene wake mara 15 iwekewe nyavu, vishikizo au mikanda. Paneli yetu ya mita 3 yenye unene wa milimita 150 ni mara 20, kwa hiyo imeshavuka mstari. Lakini kifungu hichohicho kinasema kwamba kwa fremu za chuma zenye vyuma vya mshazari, mwingiliano wa fremu na kuta unaweza kupuuzwa.

Nadhani waliouandika mstari huo walikuwa wakifikiria vyuma vizito ambavyo kweli huutawala ukuta. Kwa vyuma hivyo ruhusa ina mantiki. Mtu akiitumia kwa chuma cha pembe cha milimita 50, amechukua ruhusa ya mwingine. Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 na kuzistaafisha zile za 1968, zimefungua mlango wa kuleta viwango vya kisasa hadi kwenye kaunti. Afisa wa kaunti anayepitisha mchoro wa ghala hana haja ya kujua hesabu zote. Akiuliza swali moja, kama ukuta umegusana na fremu au haukugusana, jibu litamwonyesha kama mchoraji alilifikiria jambo hili.

Maana ukitumia ukuta wa mawe, njia ni mbili tu zinazoeleweka. Ya kwanza ni kuutenganisha: acha nafasi ya milimita 20 hadi 30 kati ya ukuta na nguzo, na kati ya ukuta na mhimili wa juu, ujaze kitu laini kinachobonyea, kisha ufunge vipande vya chuma vya pembe vinavyouzuia ukuta usiangukie nje huku vikiiacha fremu isogee. Chuma cha mshazari kikae kando ya ukuta, kisizikwe ndani yake, na kiachiwe nafasi ya kupindika. Hapo hesabu za mhandisi zinakuwa kweli. Ya pili ni kuushirikisha: uhesabu ukuta kama gogo la mshazari, uongeze nguzo, bamba na bolti za msingi kulingana nao, uutie mkanda wa zege katikati ya kimo na vishikizo vya chuma kwenye nguzo, au uupige plasta juu ya wavu wa chuma pande zote mbili. Na uupange sawasawa, hata ikibidi mbele ya duka ipatikane paneli moja yenye fremu nzito isiyohitaji mshazari.

Iko na ya tatu, ya kutotumia mawe kabisa: mabati, mbao, au paneli nyepesi za povu na wavu kama zile za kiwanda cha Shirika la Nyumba la Taifa kilichoko Mavoko. Kwa udongo wa delta, ambao hudidimia kwa uzito na kuvimba kwa maji, wepesi una faida hata pasipo tetemeko lolote. Nyufa nyingi unazoziona leo kwenye kuta za Garsen zimetokana na udongo huo.

Njia ya kuutenganisha ina adui mmoja, naye ni usafi. Mwashi aliyefunzwa vizuri haachi tundu. Akiona nafasi ya milimita 25 kati ya ukuta na nguzo ataiziba kwa simiti, na mwenye nyumba atamshukuru, kwa sababu penye tundu ndipo popo, nge na mbu wanapopita. Kwa hiyo nafasi hiyo lazima ichorwe, iandikwe, na ikaguliwe wakati mawe bado yako uchi. Baadaye ukuta ukitobolewa kwa ajili ya mlango wa pili, au ukibomolewa ili maduka mawili yawe moja, hesabu irudiwe. Mkataba wa kupangisha duka unaweza kuliweka sharti hilo kwa mstari mmoja, karibu na ule unaokataza kupika kwenye baraza.